Kitufe cha Kurudi Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili nimepewa na Shangazi leo asubuhi. Sharti lake ni kwamba kila anayefanya kazi kwenye karakana yake aandike alichofanya siku hiyo, hata kama ni mstari mmoja. Nikamwambia, "Shangazi, mimi nina kichwa. Daftari la nini?"

"Kichwa unacho, nakiona," akasema. "Andika."

Basi naandika. Mtaani wananiita Mtaalamu. Jina hilo nilijipa mwenyewe, lakini limeshika. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha mimi, inategemea unamuuliza nani. Kompyuta lakini naijua. Tovuti ya kinyozi wa kona, yenye picha ya mkasi unaozunguka, niliitengeneza mimi. Tangu siku hiyo kinyozi ananinyoa bure, na ananinyoa vibaya.

Kazi yenyewe ni hii. Shangazi, dada yake Baba, ni fundi wa mashine ndogo ndogo: vyerehani, saa za ukutani, mashine za kufuma sweta. Na ana blogu. Naam, mama wa miaka sitini na moja, anayevaa miwani mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, ana blogu ya miaka tisa yenye makala mia sita na kumi na nne! Kila mashine anayoifungua anaipiga picha hatua kwa hatua na kuandika chini yake. Kila mashine ina kategoria yake. Yeye anaiita kundi. Sasa anataka chini ya kila makala viwepo vitufe viwili, Iliyotangulia na Inayofuata, na vimwongoze msomaji ndani ya kundi lile lile, asirushwe kwenye mashine nyingine.

"Utaweza?"

"Shangazi, hiyo ni kazi ya kabla ya chai."

"Chai ya leo?"

"Ya leo."

Jumanne, 4 Juni

Chai imepita. Mvua.

Jumatano, 5 Juni

Vitufe vimewaka! Viwili, vya duara, vya rangi ya chungwa. Nikamwita mdogo wangu aje ashuhudie. Ana miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini. Tunamwita Kiroboto kwa sababu ukimfukuza hapa anatokea pale. Akakaa kwenye stuli ya Shangazi, akafungua makala ya cherehani, akabofya Inayofuata.

Ikatokea saa ya ukutani.

Akabofya tena, mashine ya kufuma. Akabofya tena, saa nyingine, imefumuliwa matumbo nje.

"Kaka!" akapiga kelele. "Cherehani imezaa saa!" Akacheka mpaka akateleza kwenye stuli.

Tatizo ni Shangazi mwenyewe, si mimi. Anafungua mashine tatu kwa wakati mmoja, leo anaandika ya hii, kesho ya ile. Vitufe vyangu vilifuata tarehe tu. Shangazi hakucheka. Alisema mwaka jana kuna fundi wa nguo huko mbali alifuata makala zake tarehe kwa tarehe, akafika kwenye skrubu ya saa, akadhani ni ya cherehani yake. Alitafuta inayofanana nayo, akaikaza mpaka chuma kikapasuka.

"Alinilaumu?" akasema Shangazi. "Hapana. Alinishukuru kwa maelezo mazuri. Sijalala vizuri tangu siku hiyo."

Alhamisi, 6 Juni

Umeme hakuna. Nimefagia.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimeshinda, na nimeshindwa, kwa mpangilio huo.

Nimepata kwenye mtandao mistari ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, iliyoandikwa na watu wenye huruma. Ndani yake kuna neno moja tu: ukiliacha, vitufe vinafuata tarehe; ukiligeuza, vinafuata kundi. Nikaligeuza. Nikafungua makala ya kwanza ya cherehani nyeusi, nikabofya Inayofuata mara thelathini, na hakuna saa hata moja iliyojipenyeza. Nikasimama, nikajipigia makofi.

Shangazi akauliza bila kuinua kichwa, "Na cha kurudi?"

"Nimekiondoa. Kinajaza nafasi bure. Nani anarudi nyuma, Shangazi? Dunia inasonga mbele."

Akaweka bisibisi chini. Akavua miwani ya juu, akabaki na ya chini.

"Njoo hapa. Mashine nikianza kuifungua, makala ya kwanza inaonyesha nini?"

"Mashine nzima, na skrubu ya kwanza kutoka."

"Na ya mwisho?"

"Chuma kitupu. Vipande mezani."

"Sasa mtu anayeifunga aanzie wapi?"

Bati la paa lilikuwa linapigwa na mvua, nikajifanya nasikiliza mvua.

"Mwisho," nikasema.

"Aelekee wapi?"

Macho yangu yalikwenda pale nilipokuwa nimeondoa kitufe. Akasema, "Kufungua kila mtu anajua. Hata Kiroboto alifungua redio ya baba yenu. Mimi siandiki kwa ajili ya anayefungua, mwanangu. Naandika kwa ajili ya anayefunga."

Sijui niieleze vipi hali iliyonipata. Wiki nzima nilikuwa naziona makala hizo kama watu kwenye foleni, nami nawatazama visogo. Ghafla zote mia sita na kumi na nne zikageuka, zikanitazama usoni. Miaka tisa huyu mama anatembea mbele huku anamwangalia mtu aliye nyuma yake, mtu asiyemjua, ili asipotee wakati wa kurudi.

Nimerudisha kitufe cha Iliyotangulia. Nimekifanya kikubwa kuliko mwenzake.

Jumatatu, 10 Juni

Leo ameingia Mama Sweta, na mashine yake nyuma ikiwa imebebwa na vijana wawili wanaolalamika. Anafuma sweta za shule. Mashine ni ndefu kama kitanda cha mtoto, ina sindano mia mbili zimepangwa kama meno, na juu yake kuna kisanduku kinachosukumwa kushoto na kulia, wanakiita gari. Gari likipita, sindano zinaamka, zinashika uzi, zinalala. Sasa gari limekwama katikati.

"Shule zinafunguliwa tarehe kumi na tano Julai," akasema. "Madarasa mawili ya watoto wadogo yananisubiri mimi. Na baridi hii mnaiona."

"Na mimi nimo," akadakia Kiroboto, "darasa la tatu."

Mama Sweta akanitazama. "Na huyu kijana?"

"Mtaalamu," nikasema.

"Wa nini?"

"Wa kompyuta, mama."

"Mashine yangu haina kompyuta, baba. Kaa mbali nayo."

Jumatano, 12 Juni

Shangazi ameanza. Ametoa pia mashine yake mwenyewe ya zamani, ya aina ile ile, anaiita Kongwe. Anaifungua pamoja na ya Mama Sweta, apate kulinganisha vipande na kuazima vinavyofaa. Makundi mawili mapya kwenye blogu. Mimi napiga picha, yeye anaandika. Ananikera: kabla ya kutoa kitu lazima apige pasi kitambaa na kukitandika. Nikamwambia skrubu haziogopi mikunjo. Akaniambia niende nikachemshe chai.

Ijumaa, 14 Juni

Hatua ya 9. Hatua ya 10. Mvua.

Jumatatu, 17 Juni

Hatua ya 19: springi za gari. Ameweka springi za mashine zote mbili kwenye picha moja, ndefu na fupi, aonyeshe tofauti. Makala hii ameiweka kwenye makundi yote mawili. Nikamwuliza, inaruhusiwa? "Mtoto ana baba na ana mama," akasema. "Kwani anatakiwa achague?"

Jumatano, 19 Juni

Shangazi amemimina chai pembeni ya kikombe. Si kidogo, kikombe kizima, mezani, polepole, huku anazungumza nami. Kisha akainua kikombe kikavu akakipeleka mdomoni.

Mimi nilikwenda kuchukua tambara.

Alhamisi, 20 Juni

Nimempeleka hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, amesema ni mtoto wa jicho, macho yote, na amekaa muda mrefu. La kulia linapasuliwa tarehe mosi Julai, la kushoto baadaye. Baada ya hapo wiki tatu hatakiwi kuinama, vumbi hapana, kazi ya vitu vidogo ndiyo kabisa.

"Daktari," akasema Shangazi, "nina mashine ya watu iko wazi."

"Mama, jicho nalo ni mashine, na fundi wake ni mimi." Binti akacheka. Shangazi hakucheka.

Njiani alinishika mkono kuvuka mfereji. Hajawahi kunitegemea hivyo. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa nashikwa.

Jumamosi, 29 Juni

Amemaliza kufungua. Hatua 43. Tatu za mwisho ameziandika pua ikigusa kioo. Meza imejaa vipande, vimepangwa safu kwa safu kama watoto wa shule asubuhi.

Akaniambia, "Utaifunga wewe."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, kwa kuwa ndiyo kawaida yetu.

"Mimi sitakuwa na macho. Kichwani sibebi kitu, ndiyo maana naandika. Kila kitu kimo humo ndani. Vitufe umeviweka mwenyewe. Anzia arobaini na tatu, bofya kurudi, fanya kinachosemwa kinyume chake. Ukifika ya kwanza, mashine ni nzima."

"Na nikishindwa?"

"Mashine ya mtu ikiingia hapa nzima ikatoka vipande, mimi nitang'oa kibao cha mlangoni kwa mkono wangu na kufunga karakana. Hilo si la kukutisha. Ndivyo nilivyojiwekea tangu mwanzo."

Nimemwambia itakuwa tayari kabla ya chai. Chai ya siku gani, sikusema.

Jumatatu, 1 Julai

Jicho limepasuliwa salama. Limefungwa pamba nyeupe kubwa. Shangazi amelala chumba cha nyuma ya karakana. Ukuta ni wa mbao, anasikia kila kitu.

Jumanne, 2 Julai

43, 42, 41, 40. Rahisi! Picha inaonyesha kipande kinatoka, mimi nakiingiza. Nabofya Iliyotangulia, inakuja nyingine. Nilimpigia kelele kupitia ukutani, "Shangazi, hii kazi mlikuwa mnaikuza tu!" Akajibu, "Unakaza kwa haraka. Nasikia."

Alhamisi, 4 Julai

Nimefika ya 22. Sindano mia mbili nimezipanga kwa siku mbili, moja moja. Vidole vinauma kama nimevunja kokoto. Mama Sweta alikuja, akasimama mlangoni na mwavuli, akaniona nimeinamia mashine yake.

"Nilisema kijana akae mbali."

"Kompyuta imehamia kwenye mashine yako, mama."

Hakutabasamu. Aliacha mabunda matano ya uzi wa kijivu kando ya mlango. "Nimeshanunua," akasema. "Nina siku kumi na moja." Alipogeuka niliona viatu vyake vimelowa mpaka ndani.

Jumamosi, 6 Julai

Siku mbaya. Nitaiandika yote, maana Shangazi ameniambia siku mbaya ndiyo inayoandikwa yote.

Asubuhi nilikuwa moto. 21, 20, 19, zile springi. Kutoka 19 nikabofya Iliyotangulia, ikaja picha ya ndani ya gari, kibati cha pembetatu, ncha inatazama juu. Nikakifunga ncha juu. Nikabofya, nikafunga. Nikabofya, nikafunga. Maelezo sikuyasoma. Kwa nini nisome wakati picha ipo? Kufikia mchana gari lilikuwa limevaa kifuniko chake, linang'aa. Nikaona hatua chache zilizobaki hazina maana, nikaweka uzi, nikashika mpini na kusukuma, nione tu.

Mlio ule sitausahau. Kwanza trrrr, mzuri. Kisha kama mtu anatafuna mawe. Kisha kimya.

Mvua yenyewe ilikuwa imekatika. Kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti ya Shangazi, taratibu.

"Kumi?"

Nikahesabu. Sindano zilizopinda zilikuwa zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. "Kumi na moja," nikasema.

"Umesukuma kutoka kushoto."

"Ndiyo."

"Pembetatu umeigeuza."

Alijuaje? Amelala kitandani, jicho moja limefungwa, jingine lina ukungu, ukuta katikati, na ameiona pembetatu yangu kwa masikio. Nilikaa chini sakafuni. Mimi niliyejiita Mtaalamu nililia, na nikiandika hapa najua Kiroboto atasoma, basi asome. Nililia kwa sababu nilikiona kile kibao cha mlangoni.

"Nimefuata blogu, Shangazi. Wallahi nimefuata. Ncha ilikuwa juu."

"Kwa mashine hiyo sijaandika ncha juu."

"Imo!"

"Basi niletee."

Nikampelekea laptopu, kama vile angeweza kuiona. Nikakaa kwenye kona ya kitanda, nikamsomea maelezo kwa sauti, hatua kwa hatua, kwa mara ya kwanza. Kiroboto alikuwa amejibanza miguuni kwa Shangazi, anatazama picha ninazopitisha. 21. 20. 19. Kisha ile ya pembetatu.

"Hiyo si ya Mama Sweta," akasema Kiroboto.

"Nyamaza."

"Kitambaa si chake."

"Kitambaa gani?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi anavyomtazama mbwa wa jirani anayebwekea mvua. "Kaka, ya Mama Sweta inakaa kwenye kitambaa cha bluu. Hii ina maua. Maua ni ya Kongwe."

Nikarudi 20. Bluu. Nikaja 19, ya springi. Jamani. Picha ile niliipiga mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: upande wa kushoto kitambaa cha bluu, upande wa kulia maua, mpaka unapita katikati, na springi mbili zimelala kila moja upande wake. Nikabofya Iliyotangulia. Maua. Tangu hapo, maua matupu. Nilikuwa nimefunga mashine ya Mama Sweta kwa maelezo ya mashine nyingine, na pembetatu ya Kongwe inakaa kichwa juu.

Shangazi alikuwa ananisikiliza ninavyohema. "Kila mashine ina kitambaa chake," akasema. "Tangu nilipokuwa msichana. Vipande vikichanganyika, kitambaa kinakuambia cha nani. Sikukuambia? Nilidhani unaona."

Sikuona. Nilipiga picha arobaini na tatu, nilimwona akipiga pasi kila asubuhi, nikamcheka. Nikafungua makala za zamani. Cherehani nyeusi: kitambaa cheupe, zote thelathini na moja. Saa ya kwanza: kijani. Ya pili: mistari. Miaka tisa ya picha, makundi sabini na mawili, vitambaa sabini na viwili. Nilikuja hapa kumfundisha Shangazi mambo ya kategoria! Alikuwa nayo kabla sijazaliwa, ameipiga pasi na kuikunja kabatini.

Jumapili, 7 Julai

Nimeupata ugonjwa. Ni wangu, si wa Shangazi.

Kitufe nilichokiweka kinaiuliza makala: wewe ni wa kundi gani? Makala yenye kundi moja inajibu vizuri. Ile ya springi ina makundi mawili, kwa hiyo inajibu: yote mawili. Basi kitufe kinachukua makala yoyote iliyo karibu kwa tarehe, ya huku au ya kule. Na Shangazi siku ile kabla ya springi alikuwa ameandika ya Kongwe. Msomaji anaingia na bluu, anatoka na maua, na hakuna aliyemshika bega. Ni kosa lile lile la fundi wa nguo wa mwaka jana, nami nilidhani nimelizika.

Nilimweleza Shangazi. Akafikiri, akasema, "Kitufe hakikumbuki mtu ametoka wapi."

"Hakikumbuki."

"Basi kikumbushe."

Kama ni kitu cha kusema tu!

Jumatatu, 8 Julai

Nimekikumbusha.

Nimekaa tangu alfajiri. Nimesoma, safari hii neno kwa neno, siruki. Sasa ukibofya kitufe, mwisho wa anwani ya ukurasa linaongezwa jina la kundi ulilotoka. Makala inayofuata ikifunguka, kabla ya kutoa vitufe inaangalia kwanza: mgeni huyu amekuja na kitambaa gani? Akija na bluu, inampa njia ya bluu peke yake, hata makala ikiwa na makundi kumi. Na anayetokea barabarani, bila kitambaa chochote, anaonyeshwa njia zote, kila moja na rangi yake na jina la mashine yake, achague mwenyewe. Rangi nimezitoa kwenye picha. Vile vitufe vya chungwa nimevitupa.

Nilibofya kurudi kutoka 43. 21. 20. 19, vitambaa viwili. Iliyotangulia.

Bluu. Pembetatu, ncha chini. Na chini ya picha, kwa maneno ya Shangazi: "Ncha iwe chini. Ukiiweka juu utavunja sindano, na utajisikia vibaya bure, kwa hiyo tazama mara mbili."

Alikuwa ameniandikia. Tarehe kumi na tano Juni, kabla sijakosea, alikuwa ameshanihurumia.

Jumanne, 9 Julai

Nimefungua nilichofunga. Sindano zilizopinda nimezitoa. Kongwe imetoa kumi na moja zake. Zinalingana.

Jumatano, 10 Julai

Nimefunga mpaka hatua ya 12. Nasoma kila neno kwa sauti, Shangazi anasikiliza kupitia mbao. Kila nikikaza skrubu anasema "bado" au "basi". Hajakosea hata mara moja. Nilijaribu kumtega, nikagonga bisibisi mezani bure. "Hiyo ni meza," akasema.

Alhamisi, 11 Julai

11, 10, 9, 8, 7, 6. Nimebakiza tano.

Ijumaa, 12 Julai

Hatua ya 1. Kitufe cha Iliyotangulia kimetoweka chenyewe, kama nilivyokiagiza, kwa sababu hakuna kilichotangulia. Picha: mashine nzima juu ya kitambaa cha bluu, siku ilipoingia, na ukingoni mwa picha, sakafuni, nyayo za maji za wale vijana wawili.

Nikainua macho. Mezani ilikuwa ile ile. Nzima. Kitambaa kitupu chini yake, hakuna skrubu iliyobaki. Nimekitazama kitambaa hicho kitupu muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote.

Shangazi alikuja akipapasa ukuta, pamba jichoni, akashika mpini mwenyewe. Mama Sweta alikuwepo, ameshika mwavuli uliofungwa kama rungu. Shangazi akasukuma.

Trrrr. Akarudisha. Trrrr. Kwenye sindano ukaanza kushuka ukanda wa kijivu, mstari kwa mstari, kana kwamba unatoka hewani. Nimeona kompyuta zikifanya mambo mengi, lakini sijaona uzi mmoja ukigeuka nguo mbele ya macho yangu kwa sababu vitu mia tatu vimekaa mahali pake.

"Springi ya kushoto imekaa vizuri," akasema Shangazi.

Mama Sweta akanigeukia. "Wewe, wa kompyuta."

"Naam, mama."

"Njoo unisaidie kusukuma. Nina siku tatu."

Jumatatu, 15 Julai

Tumesukuma Jumamosi na Jumapili kwa zamu: Mama Sweta, binti zake, mimi. Hazikutimia zote; watoto sita watasubiri hadi Jumatano. Kiroboto ameondoka na sweta yake huku mvua inanyesha, ananyoosha mikono kila mtu aione. Mkono mmoja ni mrefu kidogo. Huo niliufuma mimi. Amesema atawaambia wenzake ndiyo mtindo.

Jumamosi, 27 Julai

Pamba ilitoka wiki iliyopita. Leo Shangazi ameketi kwenye laptopu kwa mara ya kwanza, na miwani moja tu. Alianza hatua ya 1, akabofya Inayofuata, polepole, anazitazama picha zake kama mtu aliyerudi nyumbani kwake baada ya safari. "Kumbe bluu ni bluu hivi," akasema. Kwenye ya springi alisita, akabofya, akapita salama. Akaguna. Kwake hiyo ni sifa.

Akafika 43. Akasogeza chini.

"Mbona hapa kuna Inayofuata?"

Nilikuwa natazama paa.

"Niliandika arobaini na tatu. Najua nilichoandika."

"Labda kitufe kina hitilafu, Shangazi."

Akabofya. Picha ilikuwa ya vitambaa viwili vimegusana, bluu na maua, na sindano kumi na moja zilizopinda zimepangwa juu ya mpaka. Chini nilikuwa nimeandika: "Hatua ya 44. Sindano hizi nilizivunja mimi, mtoto wa kaka yake fundi, kwa kutosoma na kutotazama kitambaa. Kongwe ilitoa nyingine. Ikikutokea, usilie sana. Zitoe moja moja kutoka kushoto, na uanze tena hatua ya 19."

Alisoma mara mbili. Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Picha imekaa upande," akasema.

Kisha akafungua kabati, akatoa kitambaa cha njano, kipya, bado kina mikunjo ya dukani, akanirushia. Mezani kulikuwa na saa ya ukutani iliyoletwa na kinyozi, imesimama saa nne na robo.

Nilichomeka pasi. Nikatandika. Nikaweka saa katikati, nikashika bisibisi, skrubu ya kwanza ikiwa mbele yangu. Kabla sijaizungusha, nikapiga picha.